Treni ya Mama Ilielekea Kushoto

Mimi nakumbuka mambo. Ukitaka kujua siku kambi ya reli ilipokatiwa maji, nani alitia sahihi, na shati lake lilikuwa la rangi gani, njoo Dilala, hapa Kolwezi, uulizie kwa Mama Komite, watakuleta mpaka mlangoni pangu. Jina langu ni Ernestine, lakini hilo limebaki kwa padri tu. Shule niliiacha darasa la sita. Sheria ya madini nilijisomea mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na kamusi ya Kifaransa iliyong'oka herufi tatu za mwisho. Nimewatoa jasho wakurugenzi wanne. Watu wananiogopa kwa sababu nikianza kutaja tarehe sinyamazi.

Ndiyo maana Dodo aliniletea ile nyungu.

Dodo anauza vitu vya zamani pale soko la Manika: taa za stesheni, kofia za makondakta, filimbi, vibao vya enamel vya nambari za mabehewa. Zamani alikuwa anauza viatu. Tangu wageni waanze kumiminika kwa ajili ya reli ya kwenda Lobito, bandari ya Angola, ameona kwamba wanapenda kurudi kwao na kitu chenye treni. Akipata kitu ananiletea nimwambie ni cha wapi na cha mwaka gani, kisha ananiomba niandike. Mzungu, anasema, hanunui kitu, ananunua karatasi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, ninatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Jambo yenu, Mama Komite."

"Jambo, Dodo. Leo umeiba nini?"

"Aa, mama! Mi siibake. Mi naokotaka tu nyuma ya bale benye kuiba."

Nilicheka. Nayaandika haya ili mjue kwamba siku ile niliianza kwa kucheka.

Alishusha gunia la mchele, akafungua blanketi, akatoa nyungu ya maji, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, shingo fupi, tumbo limepakwa weusi upande mmoja na moto. Begani ilichorwa treni: kichwa, mabehewa matatu, na moshi.

"Hii ni ya Bulaya," Dodo akasema. "Ya Babeleji, ya mwaka elfu moja mia kenda na makumi mbili. Andika vile tu, mama. Kuko muzungu mumoja wa Lobito anarudia siku ya tano, Ijumaa."

"Ya Bulaya? Weka mkono ndani."

Akaweka.

"Unasikia nini?"

"Iko mabonde-mabonde. Kama bidole."

"Njo bidole, ni vidole kweli. Bulaya wangeizungusha kwenye mashine, ingekuwa laini kama sahani. Hii imepandishwa kwa mkono, kamba ya udongo juu ya kamba ya udongo. Sasa angalia rangi pale ilipomeguka. Udongo wa Kolwezi ni mwekundu. Huu ni wa kijivu, na una vimeta kama magamba ya samaki. Huu unachimbwa Kasaji, kwenye kijito nyuma ya stesheni. Ulikuwa unakuja na treni ndani ya magunia, kila wiki mbili."

"Nani alikuwa anauleta?"

"Baba yangu."

Mimi nilikuwa nimeshaanza, na nikianza mnajua. Nikamwonyesha mistari ya treni, myembamba na yenye kina kimoja, kwa sababu ilichorwa na spoki ya baiskeli. Nikamwonyesha moshi, safu ya vijimwezi vidogo, kila kimoja kimebonyezwa kwa ukucha wa kidole gumba. Nikamwambia duniani pote ni wanawake wawili tu waliotengeneza nyungu za namna hii, walikaa kambi moja ya reli, nyumba zikitazamana, na wote wawili nimekula kwao. Mmoja ni Kabamba, mama yangu. Wa pili ni Ntumba, aliyefundishwa na mama yangu.

"Basi hii ni ya nani?"

Swali hilo lilikuwa jepesi. Mwaka wa 1975, vita vya Angola vilipofunga njia, waume zao wote wawili walikuwa safarini upande wa Dilolo, mpakani. Kabeya, mume wa Ntumba, alirudi na treni ya mwisho. Baba yangu Antoine, aliyekuwa anaendesha ile nyingine, alivuka mpaka na hakurudi, wala kuandika, wala kuletwa; alituachia tu kibanda kilichojaa magunia ya udongo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mwezi ule mama alichora treni kwenye kila nyungu, na kichwa chake kilielekea mkono wa kushoto, kwa sababu ukisimama kwenye mlango wetu ukatazama reli, Dilolo iko kushoto. Ntumba naye akachora yake, ikaelekea kulia. Walikuwa wanataniana. Mama alikuwa anasema, "Yangu inaenda, yako inarudi." Na Ntumba anamjibu, "Basi zitapishana, moja itapigia ingine honi."

Nyungu iliyokuwa mbele yangu, treni yake ilielekea kushoto.

"Ni ya mama," nikasema. Ukiacha ile ya kaburini kwake, sikuwa nimeona hata moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka wa 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu na kurundikwa stesheni wakingojea mabehewa wiki baada ya wiki, mama alibeba nyungu zake zote isipokuwa moja kuwapelekea maji. Nyingine zilivunjika, nyingine ziliondoka nao. Hakudai hata moja.

"Iko na kasoro moja tu," Dodo akasema. "Angalia. Mi nitaambia muzungu ni ya kupanda maua."

Akaigeuza. Kwenye kitako kulikuwa na tundu.

Mchi ulinitoka mkononi.

Nieleze, kwa sababu vijana wa leo hawajui. Pale kambini kwetu mama wa nyungu akifa, nyungu yake moja hutobolewa kitako na mzaliwa wake wa kwanza, kwa mkia wa jembe, ili asiye wake asije akaichukua akatekea maji. Halafu hufunikwa kifudifudi upande wa kichwa, juu ya kaburi. Na ikishafunikwa, mtu aliye hai haisimamishi tena. Kuisimamisha ni kumwambia marehemu aamke akachote, na maji hayapo. Hata kuishika hatuishiki.

Ya mama niliitoboa mimi, mwaka wa 1994. Pigo la kwanza liliteleza likachubua udongo, la pili ndilo lililotoboa. Wajomba hawakuona, na mimi sikumwambia mtu. Sasa kando ya tundu lile, upana wa vidole viwili, lilikuwepo kovu la mchubuko.

"Dodo. Hii umeitoa kaburi gani?"

"Kaburi? Mama, mi sijue kaburi! Bacreuseurs, bale benye kuchimba, njo balinipatia! Ilikuwa mu remblai, kule nyuma ya carrière. Kweli ya Mungu!"

Remblai ni mlima wa udongo ambao kampuni ya mgodi inaumwaga nyuma ya shimo lake. Sikumwamini. Nilijua mama yangu yuko wapi. Nilikuwa nimempigania.

Nimeshindwa vita vingi. Maji ya kambi nilishindwa. Nyumba zetu zilipotiwa alama nyekundu ya kubomolewa ukutani, nilishindwa. Lakini mwaka wa 2017, mgodi ulipofika kwenye makaburi ya reli, sikushindwa. Nilikaa mbele ya geti lao siku kumi na tisa na wanawake arobaini. Walitaka kupitisha mashine. Nikasema, mtawahamisha wafu wetu mmoja mmoja, kwa mikono, na padri na mchungaji wakiwepo. Wakatia sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa komite ya makaburi, na kwa kuwa watu walikuwa wameanza kujiokotea marehemu wasio wao, mimi ndiye niliyeweka sheria: atakayekuwepo ataonyesha kaburi la wake, asiyekuwepo asilalamike. Misalaba ilikuwa imeshaibwa yote, ile ya chuma kwa vyuma vyake, ile ya mbao kwa makaa. Tuliwatambua kwa mawe, kwa miti, kwa sahani zilizoachwa juu yao. Mimi nilimtambua mama kwa treni.

Kwa hiyo nilimwambia Dodo, "Wameiba kwenye kaburi la mama yangu. Leo watanijua."

"Mama, nyungu ni yangu lakini..."

"Ni yako? Ulimzaa wewe?"

Nilisimamisha taxi-moto, nikaipakata nyungu kifuani, tukaenda kwenye makaburi mapya. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Ya kwanza ningemtolea mlinzi, ya pili meya, ya tatu ningeitolea redioni. Nilikuwa na hasira nzuri, ile inayokunyoosha mgongo.

Mlinzi alikuwepo. Uzio ulikuwepo. Nilipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafika kwenye kibao cha KABAMBA nilichoandika kwa mkono wangu, na chini ya kibao, ikiwa imeshikwa na saruji ya kampuni, kifudifudi, na maua ya plastiki niliyochomeka mwenyewe kwenye tundu lake, ilikuwepo nyungu.

Nilisimama pale na nyungu mikononi, natazama nyungu.

Nilitaka kufurahi, kwamba hawakumgusa. Lakini kovu lilikuwa chini ya kidole changu, nalipapasa. Mtu hatobolewi nyungu mbili.

Nikachuchumaa. Treni ya kwenye kaburi niliijua kama uso wangu. Ilikuwa imesimama kichwa chini magurudumu juu, kama zinavyokaa zote zilizofunikwa, na kichwa chake kilielekea kushoto. Siku ile ya kuhamisha walinionyesha nyungu mbili za treni, umbali wa safu mbili. Moja ilielekea kulia, nyingine kushoto. Nilikuwa nimesimama mbali, kwa sababu kwenye geti walikuwa wananiita niongee na watu wa redio. Nikanyoosha kidole: ile ya kushoto, ndiyo ya mama. Kijana mmoja wa kampuni mwenye glavu aliuliza kama aiinue aitazame vizuri. Nilimfokea. Nikamwambia kwetu haiinuliwi, haisimamishwi, haishikwi, watu wasio na mila ndio wanaopindua vitu vya wafu. Wanawake wakanipigia vigelegele, na nyungu ikabebwa kifudifudi juu ya koleo, na udongo wake.

Niliichukua nyungu ya Dodo. Ilikuwa wima, treni inaelekea kushoto. Nikaishika kwa mikono miwili, polepole, nikaigeuza kifudifudi na kuiweka chini, kando ya ile ya kwenye kaburi.

Treni ya mama ikaelekea kulia.

Mbili zile zikawa zinapeana migongo, moja kushoto, moja kulia, zote magurudumu juu. Niliisimamisha tena, nikaigeuza tena. Niliifanya hivyo sijui mara ngapi. Mtoto mdogo anayecheza na kikombe angelijua hili. Ukikipindua kitu, kushoto kwake kunakwenda kulia. Mimi nilikuwa nakumbuka treni ya mama ikiwa juu ya meza, imejaa maji, wima. Sikuwa nimeikumbuka ikiwa imekufa.

Niling'oa maua ya plastiki. Tundu lilikuwa la mviringo, safi, la pigo moja. Halina kovu. Miaka minane nimebadilisha maua yale, Pasaka na sikukuu ya wafu, na sikuwahi kulitafuta kovu. Nani anatafuta kovu la kosa lake?

Yule niliyemfagilia, niliyemlilia, niliyemsomea barua za wakurugenzi na majibu yangu, alikuwa Mama Ntumba. Na mama yangu alibaki kwenye safu ya makaburi yaliyokosa mtu wa kuyaonyesha. Tuliambiwa hayo yatahamishwa baadaye, kwa pamoja. Hayakuhamishwa. Nilijua hayakuhamishwa, kwamba mashine ziliyazoa pamoja na udongo. Niliandika barua mbili, kisha ikaja shida ya umeme, nikaanza na hiyo.

Sikuwa na hotuba tena.

Ntumba alikuwa na mtoto mmoja, Séraphin. Alikuwa mtu wa kugeuza njia za treni, sasa anatengeneza baiskeli kando ya soko la Manika. Mama yake alifia stesheni mwaka ule wa 1993, kwenye majani, akingojea behewa la kumrudisha Kasai, nchi aliyoiacha akiwa mtoto wa mgongoni. Mama yangu ndiye aliyemwosha. Séraphin akaitoboa nyungu, akapanda treni peke yake. Miaka saba baadaye alirudi Kolwezi. Wenzake walimwona mjinga, kurudi kwa watu waliokufukuza. Alisema ana mtu wake hapa.

Siku ya kuhamisha makaburi alikuwa ametumwa Kasaji, mabehewa yalikuwa yameanguka. Alirudi siku ya tatu. Akanikuta kwenye mkutano, mbele ya watu, akaniomba kwa heshima, kofia mkononi: "Yaya Ernestine, uniache nione ile nyungu yenye mulihamisha."

Nami nikamjibu, mbele ya watu: "Kila mtu na mama yake. Wako ulimwacha."

Watu wengine walicheka. Tangu siku ile hakuniita yaya, dada mkubwa, tena.

Nilimkuta ameinamia gurudumu, spoki mdomoni.

"Aa, Présidente mwenyewe," akasema, hakuinua kichwa. "Leo ni mugomo ya nini? Ya kengele za baiskeli?"

"Tata Séraphin, nimekuja juu ya mama."

"Ya nani?"

"Yako."

Akaitoa spoki mdomoni. Niliiweka nyungu juu ya meza yake, wima, katikati ya minyororo na makopo ya grisi. Hakuhitaji hata kuigusa.

"Hii ni ya Mama Kabamba," akasema. "Inaenda Dilolo. Umeitosha wapi?"

"Kwenye remblai."

Alinitazama. Akaiinamisha, akaona tundu. Alijua tundu ni nini. Niliona akili yake inakwenda, inafika mahali, inarudi nyuma, inakwenda tena. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika meza.

"Kama hii ilikuwa mu remblai," akasema, "basi yenye iko kwenye kaburi yenu..."

"Si kaburi yetu."

Akakaa juu ya ndoo. Mteja mmoja alikuja kuuliza habari ya baiskeli yake, Séraphin akamwambia, "Kesho, papa, kesho," bila kumtazama. Nami nikaanza kusema, kama kawaida yangu, kwamba kampuni, kwamba komite, kwamba sheria kifungu cha...

"Nyamaza."

Nikanyamaza.

"Miaka munane," akasema. "Kila siku ya Mungu nikitoka misa napita kule barabara ya mugodi. Nasimama. Naombea ule mulima ya udongo. Bashoferi ya malori bananijua, bananipigia honi, banasema muzee wa wazimu. Mi najua mama eko mule. Namwambia, mama, unisamehe, nilikuwa Kasaji."

"Alikuwa wangu," nikasema. "Ulikuwa unamwombea wangu."

"Na wewe?" Sasa ndipo aliponitazama machoni. "Wewe ulikuwa unamwambia nini mama yangu?"

Nilifikiria. Nilitafuta kitu kizuri.

"Mambo ya komite."

Alicheka. Kilimtoka kicheko kweli, kikubwa, mpaka mama wa mikate upande wa pili akageuka kutazama. "Maskini mama! Miaka munane! Na vile hakupendaka kelele!" Kisha kicheko kikakatika mahali, akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi, na nilipotaka kumshika bega akasogea, niseme ukweli, alisogea.

Tulikwenda kwa miguu. Hakutaka taxi-moto. Njiani aliniuliza kama saruji ile ni ngumu, nikamwambia ni ngumu. Pale kaburini alivua kofia. Akachomeka kidole chake cha shahada kwenye tundu la nyungu, kikaingia sawasawa, akakiacha humo.

"Mara moja tu nilipiga," akasema. "Mama Kabamba alinishika kiwiko. Aliniambia, piga kama mutu anagonga mulango kwao."

Mimi mama hakuwepo kunishika kiwiko.

Alitoa spana mfukoni, akafungua skrubu nne za kibao, moja moja, akizitia mdomoni kama spoki zake, asipoteze hata moja. Akanipa kibao. KABAMBA, herufi zangu. Nilidhani ameshamaliza.

"Ulisema mbele ya batu," akasema. "Utasema tena mbele ya batu."

"Nitasema."

"Na usianze na kampuni. Anza na wewe."

Kabla ya siku ya kusema nilikwenda kwenye remblai. Nilidhani, sijui nilidhani nini, kwamba ningeingia na koleo. Mlinzi wa getini ni mtoto wa jirani yangu wa zamani, ananiheshimu, ndiyo maana hakunificha. "Mama Komite," akaniambia, "ule udongo hauko tena wote. Tangu mwezi wa pili banaubeba. Iko na kobalti, banauosha upya." Nikamwuliza unakwenda wapi ukishaoshwa. Akanyoosha mkono kuonyesha reli, upande wa magharibi, kama mtu anayemwelekeza mgeni sokoni.

Ijumaa Dodo alikuja kuchukua nyungu yake na karatasi yake. Karatasi nilikuwa nimeiandika. Niliandika: Nyungu ya maji. Udongo wa Kasaji, ulioletwa na Antoine, dereva wa treni. Imepandishwa kwa mkono na Kabamba, kambi ya reli, Kolwezi, kati ya mwaka 1975 na 1993. Treni inaelekea Dilolo. Moshi ni ukucha wake. Kitako kimetobolewa na binti yake, kwa mapigo mawili. Imetoka kwenye kaburi ambalo binti huyo alilikana kwa kidole, mchana, watu wakiona.

Dodo aliisoma amesimama. Aliisoma mara ya pili, midomo ikitembea. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akaniuliza kama sombe ya jana imebaki, akala, akaondoka. Gunia lake alilichukua. Nyungu hakuichukua.

Jumapili baada ya misa nilisema. Nilizoea kusema nikiwa juu ya kitu, kiti, jiwe, kreti ya bia. Siku ile nilisimama chini. Nilianza na mimi, kama nilivyoamriwa, na nilipofika kwenye maneno "wako ulimwacha" nikayarudia kama nilivyoyasema mwaka ule, sauti ileile, ili wale waliocheka wajikumbuke. Hakuna aliyecheka. Wanawake wawili waliokaa nami getini siku kumi na tisa waliinuka wakaenda zao. Mmoja wao naye alionyesha kaburi kwa sahani. Najua sasa anawaza nini usiku na mchana, na mimi ndiye niliyemtia wazo hilo. Séraphin alikuwa nyuma kabisa, kofia mkononi. Nilipomaliza aliivaa, akatoka. Hakunisamehe, na sikuja kumdai msamaha.

Kibao nimekiegemeza ukutani. Nyungu iko mezani. Jioni mabehewa ya madini yakipita kuelekea magharibi, meza inatetemeka kidogo, na tundu la chini linatoa mlio mwembamba kama wa chupa inayopulizwa. Wakati mwingine naweka ukucha wangu wa gumba kwenye moshi, kijimwezi kimoja baada ya kingine. Unaingia. Nina kidole chake, sikuwahi kujua, kwa sababu kila aliponiita kwenye udongo nilimwambia nina mkutano.

Majirani wananiambia niifunike, si vizuri nyungu ya marehemu kukaa wima ndani ya nyumba. Najua si vizuri. Mwacheni aamke, mwacheni aje aniombe maji. Nimeshika jembe, nimezunguka uwanja mzima wa nyumba hii, na sijapata mahali pa kuifunika.